Saa kwenye kadi

Kibaha, Jumatatu, 4 Machi 2024

Nimempeleka mama kliniki ya presha na sukari. Tumefika alfajiri, mabenchi yameshajaa. Kadi zinaandikwa tarehe tu, kwa hiyo wote wanawahi namba, na daktari haingii mpaka amalize raundi ya wodini. Wazee hawajala, wanasubiri kupimwa sukari. Babu mmoja wa Mlandizi ameshika chapati yake kwenye mfuko hadi saa tano, anaogopa kuionja asije akaharibu kipimo. Vidole vilikuwa vinamtetemeka. Nesi alipomwona akampima palepale, akamwambia, “Kula, babu.”

Dirisha la wazee lipo. Lakini kliniki hii karibu wote ni wazee, kwa hiyo halipunguzi kitu.

Jumatano, 6 Machi

Siwezi kusema hakuna kilichofanyika. Tangu mafaili yaingizwe kwenye kompyuta, mapokezi hayachelewi tena. Ukutani kuna bango la 5S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mpango huo wa kupanga sehemu ya kazi wizara ya afya iliuanza na Wajapani Mbeya mwaka 2007, na stoo iliyopangwa vizuri inaokoa muda kweli.

Ila mkoa wetu umeshaona nguvu ya kupima jambo. Mwaka 2011 Pwani ilianza majaribio ya P4P kwa msaada wa Norway: vituo na watumishi walilipwa bonasi kwa kutimiza malengo ya afya ya mama na mtoto. Waliojifungulia vituoni wakaongezeka. Saa za mgonjwa kukaa benchi hazikuwa kwenye malengo yale. Ningependa ziwemo, zihesabiwe kama wanavyohesabiwa wazazi.

Kisarawe, Jumamosi, 9 Machi

Kwa shangazi. Kadi yake ina saa! Wa mjini wanaitwa asubuhi. Wa Maneromango na Mzenga wanapangiwa baadaye, gari liwe limeshawafikisha. Anasema anafagia uwanja na kunywa dawa zake kwanza, ndipo anatoka. Hilo halikuhitaji jengo wala mashine, ni kalamu ya nesi na mtu wa kulisimamia.

Kibaha, Jumapili, 10 Machi

Tangu mwaka 2017/18 fedha za serikali na za wafadhili zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati ya usimamizi ya kituo ina sauti. Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati yetu: saa iandikwe kwenye kadi, na sukari ipimwe mgonjwa anapofika, kabla ya kingine chochote, ili wazee wale. Mama ametia dole gumba. Barua naipeleka kesho.