Usiiogope Sindano

Ndugu yangu Muislamu,

Mzazi aliyetokwa na damu nyingi hangojei maneno yetu, hungojea damu. Nawe waiogopa sindano! Hofu si aibu, lakini isikukoseshe thawabu. Nakupa niliyoyajaribu mwenyewe. Kabla ya kwenda, kula, unywe na maji. Sindano inapoingia, geuza uso, ukohoe kidogo kwa idhini ya muuguzi; uchungu hupungua. Kisha shika tasbihi kwa mkono wa pili, uvute uradi taratibu: moyo ulioshughulika na dhikri hauna nafasi ya kuhesabu maumivu. Kaza misuli ya mapaja na kuilegeza, kizunguzungu kisikupate. Ni dakika 10 hivi, na damu yenyewe haifiki nusu lita. Wewe utarudi kwako. Naye, inshallah, atamnyonyesha mwanawe.

Wabillahi taufiki.