Kinamasi cha Malagarasi ni Amana

Sisi tufundishao watoto Kurani hapa Tabora twasikia mara nyingi vijana wakisema kuwa kinamasi ni ardhi bure, afadhali kikaushwe kilimwe mpunga. Neno hili latutia hofu.

Magharibi yetu, katika njia ya misafara iliyokwenda Ujiji, upo mto Malagarasi. Wapagazi wa zamani waliuvuka kwa mitumbwi, wakiuona kuwa kizuizi tu. Lakini mafunjo na matope yake hushika maji ya masika, yakatoka kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Humo hukaa nzohe, mwenye kwato ndefu zilizotanuka asizame topeni, na ndege mkubwa wa kijivu, mdomo wake mpana mithili ya kiatu, asimamaye kimya akivizia samaki.

Mwaka 2000 Malagarasi na Muyovozi ziliandikwa katika Mkataba wa Ramsar, eneo la kwanza la Tanzania, kiasi cha hekta 3,250,000. Lakini maandishi peke yake hayazimi moto wala hayazuii jembe. Basi enyi vijana wetu, amana hailindwi na karatasi, hulindwa na mwenye kukabidhiwa. Tukikausha kinamasi leo, watakaoona kiu ni wana wetu.