Kutoka Kasongo Mpaka Kabambare: Njia ya Mateka na Njia ya Walimu

Mtu atakaye kujua mji wa Kasongo ulianzia wapi, asiutazame mji wa leo. Na aulize njia ya Tongoni. Jina hilo peke yake lamwambia mengi, maana tongo ni mahali palipohamwa, kiwanja cha nyumba zilizokwisha. Hapo ndipo palipokuwa na mji wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye bara zima lilimwita Tippu Tip. Aliufanya makao yake makuu katika miaka ya baada ya 1870, akazungukwa na mashamba mapana ya mpunga, na kutoka hapo mkono wake ukafika mbali pande zote za mto Lualaba. Miembe ya Maniema na mchele wa Maniema, ambao mgeni akiisha kuuonja huuulizia tena, vilikuja pamoja na misafara ya watu wa pwani. Twayasema haya mapema, kwa sababu habari za Kanisa la Kasongo haziwezi kusimuliwa sawasawa na mtu anayeona haya kuitaja misafara.

Basi, tutoke Kasongo tuelekee mashariki, tukaitafute Kabambare. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Leo njia hiyo ni ya baiskeli na pikipiki: vijana wasukuma magunia ya mpunga na madumu ya mawese, na mvua ikinyesha hushuka wote wakavuta pamoja, asiyemjua mwenzake na anayemjua. Twaacha nyuma Wakusu na jamaa zao, pamoja na Wagenya wa mtoni, twaingia kwa Wabangubangu. Kila baada ya mwendo twaona kikanisa cha udongo, na mara nyingi si mbali nacho msikiti mdogo.

Lakini miaka mia moja na hamsini iliyopita, waliokuwa wakielekea mashariki kwa njia hii hawakuchukua mpunga wa kwenda kuuza. Walichukua pembe za ndovu zilizo mali ya mwingine, nao wenyewe walikuwa mali ya mwingine. Kutoka Nyangwe na Kasongo walipelekwa Kabambare, kutoka Kabambare ziwani Tanganika, wakavushwa mpaka Ujiji, na wengi hawakurudi tena. Wala tusidhani kwamba wenye bunduki wote walikuwa Waarabu. Wengi wao walikuwa wana wa Maniema, waliotekwa wakiwa watoto, wakalelewa katika misafara, kisha wakatumwa kuteka wengine. Mzee wa huku akisimulia mambo hayo, husema polepole, kwa kuwa babu mmoja alifungwa kamba na babu wa pili ndiye aliyeishika.

Biblia ya kwanza tunayoweza kuitaja katika nchi ya Kabambare haikuja na mwalimu, ilikuja na mgonjwa. Daktari David Livingstone, Mskoti wa dini ya Kiprotestanti, alifika mahali alipopaita Bambare mwaka 1869. Akaondoka, na mwezi wa Julai 1870 akarudi akichechemea, vidonda vimemla miguu. Akakaa hapo hata Februari 1871. Hakuwa na dawa ya kumtosha, hakuwa na wapagazi wa kumtegemea, na wenyeji wake walikuwa hao hao wafanya biashara ambao kazi yao aliichukia. Ameandika mwenyewe kwamba katika nchi ya Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Twajaribu kumwona: mzee mmoja katika kibanda, mvua yanyesha, asoma peke yake neno ambalo hakuna jirani anayeliomba, naye hana nguvu za kulitangaza. Alipopata nafuu alikwenda Nyangwe, na huko, tarehe 15 Julai 1871, akaona kwa macho yake watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake sokoni, na wengi wakizama mtoni kwa kukimbia. Wafanya biashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Ulaya ilisomwa na wengi.

Sasa twaomba msomaji avuke nasi milima mpaka ziwani, kwa maana Kanisa la Maniema lilianza nje ya Maniema. Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, walijenga Kibanga mwaka 1883, upande wa magharibi wa Tanganika, na mwaka 1885 wakaikabidhiwa Mpala, kusini zaidi. Misafara ya kutoka Kabambare ilishukia pwani za ziwa hilo hilo. Mapadri walikomboa watoto, wakitoa nguo na bidhaa nyingine, na miongoni mwa waliokombolewa walikuwamo watoto wa Maniema. Huko ziwani walifundishwa kusoma, kulima na kusali, wakabatizwa, wakaoana, wakajenga vijiji vya Wakristu. Kwa hiyo, kabla padri hajajenga nyumba Kasongo, palikuwa tayari na Wakristu wenye asili ya huko, ambao jina la kijiji cha mama yao walilikumbuka nusu tu.

Wako waliowalaumu Mapadri, wakisema kwamba kumnunua mtumwa, hata kwa nia njema, ni kumpa mwuzaji sababu ya kurudi na wengine. Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Nao Mapadri waliijua. Lakini mtoto akisimama mlangoni na kamba shingoni, maneno ya hekima huwa mazito kuyasema. Kardinali Lavigerie alipozunguka miji mikubwa ya Ulaya mwaka 1888, akihubiri juu ya utumwa katika Paris na London, barua za Mapadri wa Tanganika ndizo zilizompa habari, na jina la Manyema lilitajwa katika makanisa ambayo waumini wake hawakujua liko upande gani wa dunia.

Kitu kingine kilichopita njia ile ni lugha. Hili huwashangaza wanafunzi wetu tunapowaambia. Kiswahili hakikuletwa Kabambare na padri, alikikuta. Kililetwa na wenye misafara, pamoja na kanzu, mpunga na bunduki. Na Mapadri walipotaka lugha moja ya kufundishia makabila mengi, walichukua hiyo hiyo. Tazameni maneno ya katekisimu: imani, sala, dhambi, toba, roho, malaika, sadaka. Yote yametoka Kiarabu, na watu wa Maniema waliyasikia kwanza kwa Waislamu. Hata kanisa na msalaba ni maneno ya asili hiyo. Padri alipomwambia mtu wa Kasongo, “Tubu dhambi zako,” alisema kwa maneno ambayo yule mtu aliyajua tangu zamani. Ilimbidi ayajaze maana nyingine. Ndiyo maana mafundisho ya kwanza yalikuwa mepesi kusikika, yakawa magumu kueleweka.

Kardinali Lavigerie alikufa Novemba 1892, vita vya Maniema vikiwa vimeanza. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo, chini ya Dhanis, yaliingia Nyangwe Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka ule ule. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliyekuwa akiushika mji baada ya baba yake kurudi Unguja, alikufa vitani kabla ya mwaka kwisha. Kabambare ikaanguka Januari 1894. Misafara ya utumwa ikakoma. Lakini Mfalme Leopold, aliyejiita mpiga vita utumwa, alitaka mpira na pembe, na watu waliokuwa wakimkimbia mwenye msafara wakaanza kumkimbia askari wa Dola. Twaona heri kulisema jambo hili wazi: misioni ilifika Kasongo baada ya bunduki, mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi hawakuweza kumpambanua mzungu mwenye msalaba na mzungu mwenye kodi. Miaka mingi ilipita kabla ya tofauti hiyo kuonekana, na haikuonekana kila mahali.

Mkuu wa misioni zote za Kongo ya Juu alikuwa Mhashamu Victor Roelens, Mbelgiji, aliyewekwa askofu mwaka 1896, mwenye makao yake Baudouinville, mji ambao leo waitwa Moba. Desturi ya Mapadri ilikuwa kutoanza misioni mpya mikono mitupu, bali pamoja na wasaidizi Wakristu wa misioni za zamani. Hivyo njia ikageuka. Zamani watu walitolewa Maniema wakapelekwa ziwani wamefungwa. Sasa imani ilitoka ziwani ikaja Maniema kwa miguu.

Kazi ilikuwa ndefu. Kardinali Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba mtu asibatizwe, isipokuwa katika hatari ya kufa, kabla ya kujaribiwa miaka minne: miwili ya kujifunza kweli za kwanza, akiitwa postulanti, na miwili ya ukatekumeni wenyewe. Katika Kasongo sharti hilo lilionekana zito kupita mahali pengine. Jirani Mwislamu humpokea mtu kwa shahada, naye siku hiyo hiyo ni ndugu kati ya ndugu, tena ni mwungwana, jina ambalo huku lilikuwa na heshima kubwa. Mkatekumeni alingoja miaka minne kwenye benchi la gogo, na kama ana wake wanne, alingoja akijua kwamba atatakiwa abaki na mmoja. Wengi walichoka, wakaenda zao. Waliobaki hawakuwa wengi, lakini walikuwa wamefikiri.

Nao waliowangojea pale kwenye magogo hawakuwa Mapadri. Padri alikuwa na vijiji vingi kuliko siku za mwaka. Alifika, akaungamisha, akabatiza, akaondoka. Aliyebaki ni mwalimu, yaani katekista, pamoja na mke wake. Yeye aligonga chuma kilichotundikwa mtini, akasalisha asubuhi na jioni, akafundisha watoto kusoma, akaamua ugomvi wa ndoa, akazika. Malale yalipoua watu katika mabonde ya mito, mwalimu ndiye aliyekaa na wagonjwa. Vita vya 1914 mpaka 1918 vilipochukua wapagazi wa Maniema katika mwendo wa kwenda Tabora, mwalimu ndiye aliyesali na mama zao. Majina ya walimu hawa hayamo katika vitabu vikubwa. Twakiri kwamba sisi wenyewe, tukiandika habari za Kanisa, huwataja upesi maaskofu na tarehe zao, kama tutakavyofanya sasa hivi.

Mwaka 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri Baudouinville, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi, naye alikuwa mwanafunzi wa misioni hizi hizi za ziwani. Mwaka 1929 nchi ya Kivu ilitengwa na Kongo ya Juu, na Kasongo ikawa upande wa Kivu. Tarehe 10 Januari 1952 Kasongo yenyewe ikawa vikariati, chini ya Mhashamu Richard Cleire, na tarehe 10 Novemba 1959 ikawa jimbo kamili. Baadaye lilichungwa na Mhashamu Timothée Pirigisha Mukombe, na baada yake na Mhashamu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, ambaye alihamishiwa Bukavu na kuuawa huko tarehe 29 Oktoba 1996, akiwatetea wakimbizi na raia wake.

Kabla ya hayo ulikuwapo mwaka 1964. Waasi waliojiita Simba waliishika Kindu mwezi wa Julai na kuenea katika Maniema. Mapadri wa kigeni walikamatwa au walitoweka vijijini. Katika vikanisa vya udongo kilisikika tena kile chuma cha mtini, na aliyekigonga ni yule yule mwalimu. Na katika nyumba nyingi Mkristu alifichwa na ndugu yake Mwislamu, kwa kuwa Maniema jamaa moja huwa na Petro na Ramazani kwenye mkeka mmoja, na siku ya hatari mtu hamwulizi ndugu yake anasali wapi.

Mwaka ule ule damu ilimwagika Fizi, juu ya milima, kaskazini-mashariki ya Kabambare. Huko aliishi Abbé Albert Joubert. Baba yake, Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alikuwa ameitwa na Kardinali Lavigerie ayalinde makao ya Wakristu ziwani dhidi ya watekaji. Akaoa binti wa huku, Agnes Atakae, akakaa hadi kufa kwake mwaka 1927, wala hakurudi Ulaya. Mwana wao alizaliwa 1908, akawa padri. Jioni ya tarehe 28 Novemba 1964 aliuawa Fizi pamoja na Padri Giovanni Didonè, siku ile ile walipouawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, wote watatu wa shirika la Wasaveri. Tarehe 18 Agosti 2024, katika Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri kwa niaba ya Baba Mtakatifu.

Katika miaka hii ya karibuni makundi yenye silaha yamewakimbiza tena watu wa vijiji vya Kabambare. Wengine wameshika njia ya Kasongo, mizigo kichwani, watoto mgongoni. Jioni wakifika kijijini huonyeshwa kikanisa, kwa kuwa ndiyo nyumba isiyo na mwenyewe, na mwalimu hufungua mlango, akahamisha mabenchi upande mmoja, akatandika mikeka.