Sakafu Inayolia

Wiki hii mmenikosa hapa kwa sababu viti vya sebuleni vililala nje chini ya turubali, na pasta wenu alikuwa vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mliowahi kuja kwangu Kitale kwa ushirika wa nyumbani mnaijua ile sakafu. Simiti ya zamani, rangi nyekundu imebanduka, na karibu na mlango kuna ufa ambao mke wangu aliufunika kwa zulia. Nikaona taili zitamaliza aibu. Nikanunua zile za kung'aa.

Fundi hakufungua hata boksi. Alipiga magoti, akaanza kugonga sakafu kwa mpini wa nyundo huku ameinamisha sikio. "Pasta, hii inalia. Chini ni wazi. Ukibandika taili hapa, zitapasuka."

Nikamwambia abandike tu, Jumapili nina wageni. Ndiyo, mpendwa, mimi niliyewahubiria Luka 6, habari ya yule mjenzi aliyechimba chini sana! Fundi si mshirika wetu. Alinitazama tu.

Tukavunja. Hakukuwa na jiwe hata moja. Simiti nyembamba kama chapati, na udongo uliokuwa chini yake umeshuka. Ikabidi tuchimbe, tupange mawe, tushindilie murramu, tutandaze nailoni ya kuzuia unyevu, ndipo tumwage zege.

Nilipokuwa nimesimama kwenye udongo ule, harufu yake ilinipeleka nyumbani Bungoma. Kila Jumamosi Mama alisiriba sakafu kwa samadi ya ng'ombe na majivu, nasi watoto tulikaa nje mpaka ikauke. Usiidharau sakafu hiyo. Ilikuwa safi, na adhuhuri ilikuwa baridi kuliko taili zangu. Lakini inataka mgongo wenye nguvu, na mgongo wa Mama umechoka. Siku hizi haisiribi. Inatoa vumbi, na funza hupenda vumbi: mayai huanguka hapo, viluwiluwi hukulia hapo, kisha jike huingia kwenye mguu wa mtu.

Mwezi wa nane nilimkuta Mama akijichokoa kidole kwa pini. Nilimwombea. Nikamwachia elfu moja. Nikarudi Kitale kuchagua rangi ya taili.

Soma Marko 7, mahali Yesu anapozungumza juu ya Korbani, watu waliotumia jina la sadaka kuwanyima wazazi wao. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nikiwatazama ninyi.

Taili nimezirudisha dukani, kwa hasara kidogo. Sebule yetu itabaki simiti tupu. Nilipompigia Mama kumwambia tunakuja na simiti, alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, nilidhani siku ile hukuona."

Nilikuwa nimeona.

Kwa hiyo Jumamosi tunaondoka na fundi mapema. Vijana walioahidi kuja, leteni majembe na mitungi, maana maji tutayateka mtoni. Simiti mpya inataka kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na kazi hiyo sitamwachia Mama. Nitabaki Bungoma wiki nzima. Ibada ya Jumatano ataiongoza mzee wa kanisa. Na yeyote mwenye mkokoteni karibu na soko la Chwele, nipigie kabla ya Ijumaa.