Mradi ulipoisha, mtoto alikuwa bado anaumwa

Kila Alhamisi saa nane mchana, mama mmoja wa Mbagala alikuwa akifunga genge lake mapema na kumpeleka mwanawe kliniki. Kijana yuko kidato cha tatu. Alikuwa ameacha kula, ameacha kuoga, na mwalimu wa darasa alishazoea kumwita mvivu. Majirani walisema karogwa. Daktari alisema ni sonona.

Pale kliniki kulikuwa na chumba kidogo, viti viwili na mshauri nasaha asiye na haraka. Wiki ya sita kijana akaanza kuongea. Wiki ya tisa akaomba nauli ya kwenda kutazama mpira. Mama akampa bila hata kuuliza mechi ni ya nani, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Wiki ya kumi na moja walikuta mlango umefungwa. "Mradi umeisha," mlinzi akasema. Mshauri alikuwa akilipwa na wafadhili kwa mkataba wa miaka miwili, na miaka miwili ilikuwa imetimia. Wakiwa kwenye daladala kurudi nyumbani, kijana akauliza swali moja tu: "Mama, kwani nimeshapona?"

Hapo ndipo mzazi anapoujua ubaya wa fedha za msimu. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 18. Hata hivyo, kwa wastani serikali duniani hutenga takribani asilimia 2 tu ya bajeti za afya kwa ajili ya akili, na katika nchi nyingi sehemu kubwa ya hizo huishia kwenye hospitali kubwa za wagonjwa wa akili. Chumba chenye viti viwili huachiwa wafadhili.

Na chumba hicho si ghali. Hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu aliyefundishwa na mshahara usiokatika. Zimbabwe walianza mwaka 2006, pale daktari Dixon Chibanda alipowafundisha akina bibi wa Harare kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Jambo la kutazama ni kwamba bibi wale wa kwanza walikuwa tayari wahudumu wa afya wa jiji. Hawakuletwa na mradi, basi hawakuwa na sababu ya kuondoka nao. Zanzibar nayo imeujaribu mpango huo.

Bima ingesaidia, lakini nayo ina masharti yake. Wengi wanakumbuka Toto Afya Kadi ya Sh50,400 kwa mwaka, iliyositishwa mwaka 2023 kwa maelezo kwamba wazazi wengi waliwaandikisha watoto ambao tayari wanaumwa. Mfuko ukawa unatoa kuliko unavyoingiza. Tukubali, wazazi, hapo lawama si ya serikali peke yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka huohuo, na swali la kuuliza mapema ni kama kitita kitalipia vikao vya ushauri au vidonge tu.

Mama wa Mbagala hakuyasubiri hayo. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akauliza: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kijana anakopeshwa bodaboda, mbona hakuna fungu la kumlipa mshauri mmoja, ili huyo kijana awe na akili tulivu ya kuiendesha? Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, akaandika. Baadaye diwani akamwambia hakuna kifungu cha jambo hilo, asubiri bajeti ijayo. Mama akamuuliza bajeti ijayo inaanza kuandaliwa mwezi gani, akautia kwenye simu.

Kwa sasa kijana anakwenda hospitali ya wilaya mara moja kwa mwezi, anachukua dawa, anaonana na daktari kwa dakika chache kwa sababu foleni ni ndefu. Shule ameirudia, ingawa si kila siku. Na Alhamisi saa nane genge bado linafungwa. Mama na mwanawe wanakaa uani, viti viwili, wanamenya viazi vya chipsi za jioni. Siku nyingine kijana anaongea.