Mhudumu wa Ndege Aliyekuwa Askari

Hapo kale mtu wa Mwanza aliyetaka kufika pwani alikwenda kwa miguu miezi mizima pamoja na wapagazi. Mwaka 1928 reli ilifika Mwanza, na safari ya Dar es Salaam ikawa ya siku chache. Siku hizi ndege huimaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Wepesi huo ni wa ajabu. Lakini jambo tupendalo kuwasimulia, ndugu wasomaji, si la mashine, bali la mtu mmoja atumikaye ndani yake.

Tulikuwa tukimsindikiza bibi mmoja wa kijiji chetu, aendaye kutibiwa macho. Hakuwa amepata kupanda ndege. Tena alikuwa na huzuni ya miaka mingi: mwanawe wa kwanza alikuwa askari, akaenda Kongo pamoja na walinzi wa amani, asirudi hai. Tangu hapo, akimwona mtu aliyevaa sare, hugeuza uso.

Ndege ilipopaa tuliyaona majabali ya Mwanza yakiwa madogo kama kokoto, na ziwa likimetameta kama bati jipya. Bibi hakutazama. Alitushika mkono kwa nguvu, akalalamika kwamba masikio yamuuma. Taa ya mikanda ilipozimwa, mhudumu akaja, akapiga goti kando ya kiti chake.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Meza mate, kisha upige miayo. Hewa ya humu hupungua kama ile ya juu ya mlima, ndiyo maana masikio huziba."

Bibi akafanya hivyo, akapata nafuu. Kisha akamwuliza mbona husimama wima kama askari. Yule kijana akajibu kuwa alikuwa askari kweli, naye alikuwako Kivu mwaka 2013, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichofanywa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ili kupambana na makundi yenye silaha.

Hapo tuliingiwa na hofu. Bibi alinyamaza kitambo, halafu akalitaja jina la mwanawe. "Je, ulimjua?"

Ingalikuwa rahisi kusema, "Naam, nilimjua." Lakini mhudumu alisema, "Bibi, sikumjua, wala sitakudanganya. Ila nilipokuwa kule, mwenzetu akifa hatukumwacha. Tulimbeba, tukapanga mistari, tukampigia saluti mpaka ndege ikaondoka naye."

Bibi akatokwa na machozi, akamwekea mkono kichwani kama amwekeavyo mjukuu. "Basi, alikuwa na watu," akasema. Toka hapo hata tulipotua alikuwa akitazama dirishani.

Wengi hudhani kazi ya wahudumu ni kugawa vinywaji tu. Sivyo. Kazi yao ya kwanza ni kulinda uhai. Kabla ndege kubwa ya abiria haijaruhusiwa kutumika, ni lazima ithibitishwe kwamba watu wote waweza kutoka kwa sekunde 90, hali nusu ya milango imefungwa. Wahudumu ndio wafunguao milango hiyo, wazimao moto, na wamsaidiao mgonjwa angani.

Na tangu mwanzo kazi hii ilikuwa jirani ya uuguzi na ya jeshi. Mwanamke wa kwanza kuifanya alikuwa Ellen Church wa Marekani, muuguzi aliyejifunza pia kuendesha ndege. Alitaka kuwa rubani, akakataliwa. Ndipo akaishauri kampuni iwaweke wauguzi ndani ya ndege ili kuwatuliza abiria waliojaa hofu. Tarehe 15 Mei 1930 alisafiri kwa mara ya kwanza, kutoka Oakland kwenda Chicago. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, aliingia jeshini, akawahudumia majeruhi waliosafirishwa kwa ndege huko Afrika ya Kaskazini na Ulaya. Alifariki mwaka 1965.

Basi, ndugu, msafiripo kwa ndege, kwa meli au kwa basi, msimdharau awahudumiaye. Mwitikieni salamu yake, na asemapo habari za usalama msikilizeni. Nasi walimu, tuendapo kumfariji mfiwa, tusimpambie uongo ili kumpendeza. Mwenye huzuni hutambua neno la kweli lisemwalo kwa upole, nalo humkalia moyoni siku nyingi.