Vitabu vya Nchi Zisizokuwepo: Tunachosoma Siku Hizi



Leo tunataka kuwaambia tunasoma nini. Wengi mnatujua: sisi ni vijana kama kumi hivi, Wakongo na Warundi, tunaojitolea kufundisha wadogo zetu kusoma, hapa kambini mkoani Kigoma. Watoto wakishaondoka, tunabaki na kusoma vya kwetu, mpaka giza liingie au simu yenye tochi iishe chaji. Na kwa miezi hii tumejikuta tunapenda aina moja tu ya vitabu, vile vya mambo ya ajabu: majini, nchi za angani, vyombo vinavyokwenda kwenye sayari nyingine.

Wazee wetu wanashangaa. Mmoja alituambia, "Ninyi kutoka tu getini mpaka muwe na kibali, halafu mnasoma habari za kwenda kwenye nyota?" Tulicheka, naye akacheka. Lakini alichouliza ni cha maana. Mtu mwenye shida za kweli anatafuta nini kwenye kitabu cha uongo? Basi tuwapitishe kitabu kimoja kimoja, mtaona.

Cha kwanza kipo kwa Kifaransa, cha Jules Verne, kilitoka mwaka 1863. Ni habari ya Waingereza watatu wanaosafiri wiki tano kwa puto, yaani balloon kubwa ya kubeba watu, wakikatiza Afrika kutoka mashariki kwenda magharibi. Waliosoma kwa Kifaransa huko nyumbani wanakisoma, kisha wanatusimulia kwa Kiswahili. Kilichotufurahisha ni kwamba puto linaanzia Zanzibar na kupita Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Tabora! Gari moshi la kwenda Kigoma linapita hapo. Wenyeji wa Kazeh wanadhani puto ni mwezi, na hao wageni ni watoto wa mwezi, wanawapokea kwa heshima zote. Ghafla mwezi wenyewe unachomoza. Watu wanaangalia juu, wanaona miezi miwili! Wageni ikabidi wapande puto lao mbio mbio.

Tulicheka sana. Halafu mwenzetu mmoja akasema, "Lakini huyu ameandika toka juu." Ni kweli. Toka juu watu wote ni wadogo, na wote wanaonekana wajinga. Tukakumbuka picha za kambi tunazoziona kwenye mitandao: nyingi zimepigwa toka juu. Unaona mapaa tu na barabara za vumbi, mtu hata mmoja humwoni uso. Kitabu cha zaidi ya miaka 150 kimetufundisha kuangalia picha zetu wenyewe.

Cha pili ni *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert. Hiki kina majini, na ndugu wawili wenye wivu wanaogeuzwa manyani. Watoto wakikisikia hawataki kwenda nyumbani. Lakini kuna mahali Adili anaingia kwenye mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Mji upo, vitu vipo, wenye vitu ni mawe.

Tulipofika hapo, aliyekuwa anasoma kwa sauti alinyamaza. Tukadhani hajaona vizuri, giza limeingia. Kumbe sivyo. Baadaye akasema, "Kwetu vyungu vilibaki mekoni." Mwingine akajibu, "Na kwetu pia." Mwingine akataja baiskeli ya baba yake, iliyobaki imeegemezwa ukutani.

Hapo lazima tuwaeleze kitu. Kati yetu wapo ambao wazazi wao, huko tulikotoka, wasingekaa benchi moja. Ukianza kusimulia vita moja kwa moja, kabla hujamaliza sentensi mtu anataka kujua wewe ni wa kijiji gani, wa kabila gani, na nani alianza. Tumewahi kujaribu, mkutano ukavunjika. Lakini jioni ile hakuna aliyeuliza nani alianza. Tulikuwa tunaongea habari ya mji wa mawe tu. Kila mtu aliweka chungu chake na baiskeli yake ndani ya mji ule, na mji ulitutosha wote. Tangu siku ile hatuviiti tena vitabu vya uongo.

Cha tatu kipo kwenye simu, kwa Kiingereza. Kinaitwa *Binti*, cha mwaka 2015. Mwandishi ni Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Dada mmoja aliyesoma Uganda kabla ya kuja huku anatusomea sentensi, anatafsiri, tunabishana, anaendelea. Kwa hiyo tunakwenda polepole kweli kweli. Mwanzoni tulidhani mhusika hana jina, kumbe Binti ndilo jina lake. Ni msichana wa kabila la Wahimba, wale wa Namibia, ila ni zamani zijazo. Amepata nafasi ya chuo kikuu kwenye sayari nyingine, wa kwanza katika watu wake. Anatoroka nyumbani bila kuaga. Amejipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, kama wanawake wa kwao, na mwingine ameubeba kwenye chupa.

Kabla ya kupanda chombo wengine wanamshangaa, wanagusa nywele zake. Njiani chombo kinavamiwa na viumbe wa ajabu. Mengine msome wenyewe, ila udongo ule ndio unaomsaidia. Na swali linalomsumbua lilitusumbua na sisi: udongo wa nyumbani ukiisha, atakuwa nani? Mwishoni anachimba udongo wa kule ugenini, anautengeneza mwenyewe, anaujaribu. Unafanya kazi.

Sehemu hiyo tuliirudia mara tatu. Mama wa mwenzetu mmoja alivuka Ziwa Tanganyika na mbegu za lengalenga zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Hakubeba sufuria, alibeba mbegu. Alizipanda nyuma ya nyumba, zikaota kwenye udongo wa huku. Sote tumeshakula lengalenga zile. Tulipomsimulia habari za Binti alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo mtoto ana akili. Mwambieni akauke mbegu pia."

Cha mwisho ndicho kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote: *Kusadikika*, cha Shaaban Robert tena. Nakala tunayo moja. Jalada lilishatoka, tumelishona kwa uzi wa gunia. Kusadikika ni nchi iliyo angani, haimo kwenye ramani yoyote. Kitabu kilitoka mwaka 1951, miaka 10 kabla ya uhuru wa Tanganyika. Fikiria, mtu anaishi chini ya serikali ya kikoloni na anataka kuandika habari za watawala wasiosikiliza. Angeiweka nchi hiyo duniani, nani angemchapia? Akaiweka angani.

Kijana anayeitwa Karama anashitakiwa kwa sababu anataka kufundisha watu sheria. Mshitaki wake ni waziri, jina lake Majivuno, na jina linatosha. Karama katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alipata taabu njiani, aliona mambo mema kwa watu wengine, akarudi nayo nyumbani. Na kila mmoja aliporudi alifungwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sawa, Kusadikika hawakumuua. Walimtia ndani tu.

Hapa tuligombana. Mmoja akasema wajumbe wale ndio sisi: tumeona mengi, tumejifunza lugha, tumejifunza kukaa na watu. Mwingine akakataa kabisa. "Mjumbe anatumwa, anaaga. Sisi nani alitutuma? Tulikimbia usiku." Kimya. Halafu yule dada wa *Binti* akasema, "Umetumwa au umekimbia, siku ukirudi swali ni moja: umetuletea nini?"

Swali hilo halikuwa la kitabu tu. Mwenzetu mmoja Mrundi familia yake ilikuwa imeshajiandikisha kurudi, na tarehe ya msafara ilikuwa imetoka. Alikuwa amefika katikati ya kitabu. Nakala ni moja, hatukuweza kumpa, na yeye hakuomba. Akatuuliza tu, "Karama alishinda kesi?" Hakuna aliyekubali kumwambia. Badala yake tulikaa siku mbili za mwisho tukamsomea kwa kupokezana, mpaka ukurasa wa mwisho. Alipotuuliza sasa achukue nini huko anakokwenda, tulimpa daftari. Ndani kila mmoja aliandika kitu kimoja alichojifunza huku ambacho nyumbani hakuwa nacho. Mmoja aliandika jinsi ya kufundisha herufi kwa vijiti na mchanga. Mwingine aliandika, "Nimekaa benchi moja na watu wenu, na sikufa."

Tunajua alifika, alitutumia ujumbe. Kama kule watamsikiliza, hilo bado. Mwisho wa Karama pia hatuwaambii, someni.

Sasa hivi tunawaandikisha watoto. Tumewaambia kila mmoja atunge nchi yake isiyokuwepo: sheria zake, chakula chake, na nani anaruhusiwa kuingia. Mpaka leo madaftari kumi na manne yamerudi. Hakuna hata nchi moja yenye geti. Nchi tatu zina treni.

Na wewe unayesoma hapa, uko na kitabu gani? Tuandikie jina lake na mambo mawili matatu yaliyokugusa. Kama una vitabu vya Binti vinavyofuata, tafadhali sana, maana dada yetu anakaribia kumaliza na hatutaki alale usingizi mapema.

Tunawapenda. Someni kwa sauti, aliye karibu naye asikie.